Karameli ya Daraja la Kwanza

Kuna harufu moja ambayo nikiipata popote, hata katikati ya mtihani wa hisabati, lazima nikunje uso. Ni harufu ya sukari inayoungua. Sisemi ile ya mwanzo, tamu, inayokufanya umeze mate. Hiyo naipenda kama watu wengine wote. Nasema ile inayofuata sukari ikishapita kiasi na kugeuka lami, harufu kali inayokwaruza koo na kulala kwenye nywele hadi siku utakapozifumua. Wiki jana nikitoka shule, hapa Mowlem tunakoishi sasa, yule mama wa karanga za sukari pale kona alikuwa amenogewa na simu akasahau karai lake. Nilisimama pale na begi mgongoni, nikashikwa na hasira. Mama wa watu hakuwa amenikosea chochote. Hasira yangu ilikuwa ya msichana mmoja wa miaka kumi aliyekuwa akiishi Makongeni, mdomo mkubwa, akili kidogo. Msichana huyo ni mimi.

Wacha niwaeleze, ila mnivumilie, na msicheke kabla sijacheka mwenyewe.

Makongeni tulikaa kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mimi, Mama na Kuka. Mama alikuwa karani wa reli, ndiyo maana tulikuwa na hiyo nyumba. Kuka ni baba yake Mama. Kwetu Bungoma babu huitwa hivyo, na wewe ukimwita "babu" anakuangalia kama umekosea mlango. Kabla ya kustaafu, Kuka alifanya kazi miaka mingi kwenye behewa la chakula la treni ya Mombasa, enzi zile abiria wa daraja la kwanza walikula kwa vitambaa vyeupe na vijiko vizito. Watoto wengine walilelewa na hadithi za sungura na fisi. Mimi nililelewa na hadithi za karameli.

Kama hujawahi kuiona, karameli ni kitindamlo cha Wazungu. Unachoma sukari mpaka iwe mchuzi wa kahawia, unaumwaga chini ya bakuli, juu yake unaweka maziwa yaliyopigwa na mayai, unapika polepole mpaka yagande. Halafu ukishapoza unapindua juu ya sahani, na kile kitu kinasimama chenyewe, laini, huku mchuzi ukiteremka pembeni. Kuka alikuwa akikieleza kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha ukubwa wa mtoto mchanga. "Inatetemeka," alikuwa akisema, "lakini haianguki. Treni inayumba, glasi zinagongana, yenyewe inatetemeka tu. Karameli zote za treni ile, Nekesa, zilipita kwenye mikono hii."

Mimi nilikuwa naiangalia mikono hiyo, mikubwa, ngozi imekauka na kupasuka kwenye vidole, nikiona mikono ya mpishi mkuu.

Sasa, nikiwa Gredi ya Tano, Mwalimu Rose akatupa kazi ya nyumbani. Mnazijua kazi zetu hizi za mtaala mpya: mzazi ndiye anayesoma, mtoto ni mpeleka ujumbe. Kila mmoja achague bara, apike nyumbani chakula cha huko, akilete Ijumaa pamoja na mtu mzima aliyemsaidia, naye mgeni huyo asimame mbele ya darasa aeleze jinsi kinavyopikwa. Afrika ilinyakuliwa kabla mwalimu hajamaliza sentensi, maana ugali hauhitaji utafiti. Asia ilichukuliwa na Zuhura, rafiki yangu wa mlango wa pili, kwa sababu biriani ya mama yake ilikuwa inajulikana mpaka upande wa pili wa Jogoo Road. Ulaya ikabaki juu ya ubao kama nguo ya mtumba yenye doa.

Nikanyoosha mkono. Ningeweza kusema mkate na siagi nikakaa chini salama. Hapana. Nikasema, "Kuka wangu alikuwa mpishi mkuu wa treni. Atatengeneza karameli ya daraja la kwanza."

"Mpishi wa treni?" Brayo akadakia kutoka nyuma. Brayo alikuwa na sauti ya makanga wa matatu hata kabla ya kubalehe. "Kwani treni hula nini, makaa?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Hata Mwalimu Rose aligeukia ubao, mabega yakimtingishika.

"Ijumaa utalamba sahani, wewe!" nikamwambia.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Karameli isimame Ijumaa, na Kuka asimame kando yake. Isiposimama, Kuka ni mwongo na mimi ni mjukuu wa mwongo, na Brayo ana mdomo wa kulisambaza hilo mpaka Kiamaiko kwenye machinjio, mbuzi nao wajue.

Nilipofika nyumbani na kumweleza Kuka, alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ulisema mpishi mkuu?"

"Eeh."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya darasa lote, Kuka. Hata mwalimu alisikia."

Akaiangalia mikono yake kwa muda. Kisha akasema, "Haya. Lete sukari."

Jumatatu tuliunguza sukari. Kuka alisema niiweke kwenye sufuria kavu juu ya jiko la makaa, ningoje igeuke. Nikamuuliza igeuke mpaka wapi. Akasema mpaka rangi ya chai ya turungi iliyokolea. Ikafika hapo, nikafurahi, nikageuka kuchukua bakuli, na niliporudi ilikuwa rangi ya tairi na moshi ulikuwa unatoka dirishani. Na sufuria yenyewe ilikuwa ile ya Mama, nzito, ya harusi yake, ambayo hata ugali wa wageni haukuruhusiwa kusongwa ndani yake. Nilianza kulia kabla hajarudi, ili akinipata niwe tayari nimepiga hatua.

"Sufuria usijali," Kuka akasema. Akaichukua kama daktari anavyomchukua mtoto. Akamwagia maji ya moto, akaiacha ipumue, akachota majivu ya jiko, akakunja stilwaya kwa namna yake, akaanza kusugua kwa miduara midogo bila haraka. Nusu saa baadaye Mama aliingia, akaiona imening'inia ukutani, akajitazama ndani yake na kurekebisha kitambaa cha kichwa. Hakujua kitu. Mimi nikaona ni jambo la kawaida. Mpishi mkuu lazima ajue kuosha sufuria, si ndiyo?

Jumanne sukari ilikubali. Yakakataa maziwa. Tuliyaweka na mayai moja kwa moja motoni, yakakatika vipandevipande yakielea kwenye maji ya njano. Zuhura alikuja kuangalia maendeleo, akaonja kwa ncha ya kijiko.

"Manze Nekesa, hii ni omeleti imepotea njia."

"Kuka, onja wewe," nikasema.

Kuka hakuugusa ule mgando. Alizungusha kidole pembeni mwa sahani, palipokuwa na mchuzi, akalamba, akafumba macho. "Mchuzi uko sawasawa," akasema.

"Kuka! Sijauliza mchuzi!"

Nataka muelewe vile nilikuwa nimechoka. Kila nilichouliza, jibu lilikuwa la pembeni. Mayai mangapi? "Inategemea abiria." Moto kiasi gani? "Wa kutosha." Lakini uliza habari ya sahani, na hapo Kuka angekueleza mpaka usinzie: ipashwe joto kabla, ishikwe kwa kitambaa, ukingo upanguswe mara moja tu, kwa sababu sahani ya daraja la kwanza haiwi na alama ya kidole. Jumatano tuliposikia kutoka kwa mama yake Zuhura kwamba bakuli hukaa ndani ya maji yanayochemka, tulifanya hivyo, tukapindua, na karameli ikakimbia. Nasema ikakimbia. Ilivuka sahani, ikavuka meza, ikaingia kwenye mkono wa sweta yangu ya shule. Na Kuka, ambaye kesho kutwa angesimama mbele ya darasa, alikuwa ameinama akipangusa ukingo wa sahani tupu.

"Kwenye treni ilikuwa inasimama!" nikapiga kelele.

"Kwenye treni ilisimama," akakubali.

"Basi kwa nini hapa haisimami?"

Akaangalia kuta, akaangalia dari, kama mtu anayetafuta shahidi. "Labda," akasema polepole, "ni kwa sababu hapa nyumba haisogei."

Sasa wewe unacheka. Mimi niliona mwanga. Sayansi! Siku zote alikuwa akisema inatetemeka, treni inayumba. Kwa hiyo ni kule kuyumba ndiko kulikoigandisha, kama siagi inavyotoka kwenye kibuyu cha maziwa kinachotikiswa! Ilikuwa wazi kabisa. Tulichokosa ni treni.

Alhamisi baada ya shule, mimi na Zuhura tuliazima mkokoteni wa mzee wa maji aliyekuwa amemaliza mzunguko wake. Tukapandisha jiko likiwa linawaka, juu ya jiko sufuria ya Mama yenye maji, ndani ya maji bakuli, juu ya bakuli kifuniko, na juu ya kifuniko mkono wa Kuka. Nilimshawishi aje. Hakutaka, nikamwambia, "Kuka, si wewe ndiye ulisema nyumba haisogei?" Akavaa kofia yake ya reli akatoka. Zuhura alivuta, mimi nikasukuma, Kuka akatembea kando, mgongo umenyooka, kama anasindikiza rais.

Makongeni yote ilitoka nje. Watu wa nyumba za reli wameona mengi, lakini jiko linalotembea lilikuwa geni.

"Nekesa, mnahama ama mnauza?"

"Mzee, hiyo ni chai ya kutembeza?"

"Muacheni, anapika karameli!" Zuhura akawajibu, na jina hilo likawachekesha zaidi.

Brayo alikuwa amekaa juu ya ukuta na wenzake. Alipotuona akaweka mikono mdomoni akapiga king'ora cha treni, kirefu, kizuri kwa kweli, nampa haki yake. "Abiria wa kwenda Ulaya, shikeni vyuma!"

Tulizunguka mara mbili. Na nawaapia, harufu ilianza kuja, vanila na maziwa, na nikachungulia nikaona katikati pameanza kushikana. Nikaongeza mwendo. Zuhura akasema, "Pole pole, we!" Gurudumu likaingia kwenye mtaro wa maji machafu.

Jiko lilienda upande mmoja, makaa upande mwingine. Wamama wakaruka na ndoo za maji. Bakuli lilizunguka hewani mara moja, kwa heshima, likamwagika lote juu ya viatu vya Kuka, vile vyeusi alivyokuwa amevipiga rangi kwa ajili ya Ijumaa. Brayo alianguka kutoka ukutani kwa kicheko, na hata hakuumia, jambo ambalo mpaka leo naona si haki.

Nilisimama pale barabarani, watu wote wakitazama, nikamgeukia Kuka. Sikumgeukia Brayo. Hata Zuhura aliyevuta mkokoteni sikumgusa. Nikamgeukia Kuka.

"Hujui kupika! Hujawahi kupika chochote! Umenidanganya siku zote!"

Kicheko kikakatika. Zuhura alinishika sweta akasema kwa sauti ndogo, "Nekesa, huyo ni Kuka." Nikajinasua.

 Kuka aliinama, akaokota bakuli, akaokota kifuniko, akaokota sufuria iliyokuwa nyeusi nje na ndani. Akaenda nayo mferejini akachuchumaa. Nilipopita kuingia ndani alikuwa anasugua, miduara midogo, bila haraka. "Sufuria haina makosa," akasema, kana kwamba kuna mtu alikuwa ameishtaki.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, vifungo vyote mpaka shingoni. Nikamwambia asije. Nilisema hivyo tu, "Usije," nikiwa nafunga kamba za viatu ili nisimtazame. Nilimsikia akifungua vifungo, kimoja kimoja. Kwenye meza ya darasa, mbele ya karatasi iliyoandikwa ULAYA, niliweka pakiti ya biskuti. Mwalimu Rose aliandika "Anakaribia matarajio." Brayo alilamba sahani, ndiyo, lakini ya biriani ya Zuhura.

Nilinuna mwezi mzima. Na kuna jambo lilitokea ambalo wakati huo niliona ni ushindi wangu: Kuka aliacha hadithi za treni. Hakutangaza. Ziliisha tu, kama redio iliyoishiwa betri. Tukahamia Mowlem, ghorofa ya tatu, jiko la gesi, na Kuka akawa mzee wa kukaa kwenye kibaraza na kutazama nguo za watu zikikauka.

Sasa turudi wiki jana. Harufu ya karanga zile ilinipandisha ngazi zote nikiwa nimekasirika, na sijui ni shetani gani aliniambia, Nekesa, wewe ni wa Gredi ya Kumi, unashindwa na maziwa na mayai? Nikafungua simu nikafuata maelezo neno kwa neno, mimi ambaye sifuati hata maelekezo ya mtihani. Moto mdogo kabisa. Kitambaa chini ya bakuli. Maji yasichemke. Na sehemu moja imeandikwa kwa msisitizo: usitikise. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Usidhani mambo yalikwenda vizuri. Niliunguza sukari ya kwanza kwenye ile ile sufuria ya Mama, nikaificha chini ya sinki, nikatumia nyingine. Lakini Jumamosi asubuhi, baada ya kulaza bakuli kwenye friji, nilipitisha kisu pembeni, nikaweka sahani juu, nikafumba macho, nikapindua. Nikainua bakuli.

Ilisimama. Ilitetemeka, na haikuanguka.

Niliipeleka kibarazani kama naipeleka kwa mfalme, vichekesho vyangu vimepangwa foleni. Nilikuwa nimwambie, ona Kuka, mjukuu wako amekushinda, na bila treni. Kuka aliitazama muda mrefu. Akachomoa kitambaa mfukoni akapangusa ukingo wa sahani, mara moja tu. Akachukua kijiko, akakipitisha pembeni, kwenye mchuzi, akalamba. Akafumba macho. Pembeni tena.

"Kuka, kata katikati basi. Haiumi."

Akakata. Akaweka mdomoni. Nguo za watu zilikuwa zinapigwa na upepo upande wa pili. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, hata hakuwa anaongea na mimi:

"Kumbe ndani iko hivi."

Vile vichekesho vyangu vyote viliondoka foleni.

Nilianza kurudisha maneno yake nyuma, moja baada ya jingine, nikitafuta mahali aliposema yeye ni mpishi. Sikupata. Alisema alikuwa jikoni. Alisema karameli zote zilipita mikononi mwake. Na zilipita, zikirudi kutoka mezani: sahani zilizoliwa, zimebaki na mchuzi pembeni, na masufuria yenye sukari iliyoungua, treni nzima ikiyumba, naye ameinama kwenye beseni akisugua ili kesho zing'ae. Upishi mkuu nilimpa mimi, mbele ya Brayo, bila kumuuliza. Akaona ni heri ahangaike siku nne na kitu ambacho alijua ukingo wake peke yake, kuliko kuniambia kwamba nimejisifu bure. Halafu mimi huyo huyo nikamfuta kazi barabarani.

Miaka mitano nimekuwa na hasira kwamba alinidanganya. Hasira yenyewe bado ipo, sijui niipeleke wapi. Kumwomba msamaha ingekuwa kumwambia kwamba nimejua, na alikuwa ameshika kijiko vizuri sana, anakata kipande cha pili, sikutaka kumsimamisha.

Nikaingia ndani, nikaitoa ile sufuria chini ya sinki, nikamletea.

"Kuka, hii imenishinda. Nimesugua, imekataa. Nifundishe."

Akaweka sahani chini. Akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga, akaigonga kwa ukucha, na usoni mwake nikaona dharau ambayo sijawahi kuona mtu akiwa nayo kwa furaha namna ile.

"Hii?" akasema. "Hii ndiyo unaniletea? Chemsha maji. Lete na stilwaya. Hii ni mchezo, Nekesa. Siku moja tukitoka Voi, daraja la kwanza limejaa, mpishi wetu akaunguza masufuria matano kwa mpigo..."

Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikafunga mdomo, jambo ambalo walimu wangu hawataliamini.